Jogoo Kuwika Si Kipimo: Siku 90 za Mvuta Sigara Anayetafuta Mtoto

Alifika kwenye dirisha la maabara yetu saa nne na nusu asubuhi, bwana mmoja wa makamo kutoka upande wa Urambo, mkoani Tabora. Kikopo cha sampuli alikuwa amekibananisha na chupa ya soda ya baridi ndani ya begi, "kisije kikaharibika na joto la basi." Alikuwa ametoa shahawa nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Nikaweka tone chini ya hadubini. Mbegu zilikuwepo, nyingi tu, na hakuna hata moja iliyosogea.

"Dokta," akaniambia (kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, hata sisi wa maabara), "mimi naleta hiki kwa kuwa nimeagizwa. Jogoo anawika kila siku. Tatizo liko kwa mama." Mama mwenyewe alikuwa kwenye benchi nyuma yake, kimya. Miaka minne alikuwa amezungushwa kwa waganga, na mumewe hakuwahi kupima hata mara moja. Pakiti ya sigara ilichungulia kwenye mfuko wa shati.

Sampuli ile ilikuwa imekufa kwa saa tano na nusu za njiani na kwa baridi ya soda, kwa hiyo haikutuambia lolote. Nikamwomba arudie, nikamweleza jinsi. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaeleza wanaume dirishani kwa haraka haraka, huku foleni inasubiri. Leo foleni haipo. Na sihubiri kutoka mbali: mimi mwenyewe nimevuta miaka tisa, na za kwangu nimeziangalia kwa macho yangu.

Kwanza tutenganishe nguvu na mbegu

Nguvu za kiume ni habari ya damu, mishipa na fahamu. Mbegu ni habari ya korodani. Mwanaume anaweza kusimama vizuri na kumaliza vizuri, na maji yake yasiwe na mbegu hata moja. Hii ni kwa sababu maji yale karibu yote yanatoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume, na mbegu ni sehemu ndogo mno ndani yake. Uzito, rangi, wingi, vyote hivyo havikuambii kitu. Kwa macho matupu hata mimi sijui.

Shirika la Afya Duniani linasema wenzi wana tatizo la uzazi pale wanapokaa miezi 12 au zaidi wakikutana mara kwa mara bila kinga na mimba isiingie. Karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia hali hiyo wakati fulani wa maisha yake. Katika takriban nusu ya ndoa hizo mwanaume ana mchango, peke yake au pamoja na mkewe. Kwa hiyo kumpeleka mke hospitali mara sita wewe ukiwa hujaenda hata mara moja ni kupoteza nauli.

Moshi unafanya nini kule chini

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Nitataja tatu. Nikotini inabana mishipa ya damu. Kaboni monoksidi inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kadimiamu ni metali ambayo mtumbaku huifyonza udongoni na kuiweka kwenye jani. Ukivuta, inaingia mwilini na kukaa miaka mingi, na inagombania nafasi na zinki, madini ambayo korodani zinayahitaji sana.

Juu ya hayo moshi unazalisha kile ambacho wanaojua kemia wanakiita msongo wa oksidisheni. Fikiria kutu. Mbegu ni chembe isiyo na akiba: kichwa kilichobeba urithi, shingo yenye injini, na mkia, basi. Ngozi yake imejaa mafuta laini yanayoshika kutu upesi, na haina karakana ya kujikarabati. Kutu ikiingia kwenye mkia, mbegu haiendi mbele, inazunguka pale pale kama kumbikumbi aliyenyofoka bawa moja. Ikiingia kichwani inakata nyuzi za DNA, na hilo kipimo chetu cha kawaida hakilioni. Mbegu ya namna hiyo inaweza kufika na kurutubisha yai, kisha mimba ikatoka.

Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 20 zenye wanaume 5,865. Wavutaji walikuwa na idadi ndogo zaidi ya mbegu na mwendo hafifu zaidi, na waliovuta sana waliumia zaidi.

Hapa ndipo mtu huniambia: "Babu yangu alivuta kiko mpaka anazikwa, na kaacha watoto kumi na mbili." Kweli, na sibishi. Sigara si kufunga uzazi. Mwenye mbegu milioni 100 kwa mililita akipoteza robo bado ni tajiri. Lakini aliyeanza na milioni 18 akipoteza robo ameshuka chini ya mstari wa milioni 16. Na bibi yako, usisahau, huenda alianza kuzaa akiwa na miaka kumi na minane. Mwili wake ulifidia upungufu wa babu. Mkeo ana miaka thelathini na tatu na nyinyi mmeoana juzi.

Na huyo jogoo naye hayuko salama. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu, myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo ndiyo hutangulia kuziba. Mvutaji wa miaka arobaini ambaye jogoo wake ameanza kusuasua apime presha na sukari wiki hiyo hiyo, kabla ya kukimbilia vumbi la Kongo, ile poda ya nguvu za kiume.

Hatua ya kwanza: pima kabla hujaacha

Wengi wanaacha kwanza, wanapima baadaye, halafu hawajui kama kuacha kumesaidia. Chukua kipimo cha mwanzo ukiwa bado mvutaji. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, iko mjini Tabora. Walio upande wa Igunga wana hospitali ya Nkinga karibu zaidi. Piga simu au fika siku moja kabla uulize wanapokea sampuli siku zipi na saa ngapi, maana si kila maabara inafanya kipimo hiki kila siku.

Kabla ya kutoa sampuli, kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Zikipungua idadi inashuka, zikizidi mwendo unadorora. Mimi husema tatu, kisha ziandike, kwa sababu safari ya pili utahitaji kurudia siku zile zile.

Sampuli hutolewa kwa mkono. Najua hapa wengi hukwama, wengine kwa dini, wengine kwa aibu tu. Mkeo anaweza kukusaidia kwa mkono wake, hakuna anayepeleleza. Ila usitumie sabuni, mafuta wala mate. Mate peke yake yanadhoofisha mbegu. Kondomu ya kawaida pia hapana, nyingi zina dawa au vilainishi vinavyoua. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi kuliko yote, kwa hiyo likianguka nje ya kikopo sema, tusijifiche.

Kisha muda. Kikopo kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa na joto la mwili: kwapani au ndani ya shati, si kwenye begi, si kwenye boksi la bodaboda, na tafadhali si pamoja na soda. Unayetoka Kaliua, Sikonge au Urambo, lala mjini usiku mmoja. Yule bwana alifanya hivyo mara ya pili: alichukua chumba karibu na stendi, akaleta kikopo kwapani dakika kumi na tano baada ya kutoa. Mbegu milioni 21 kwa mililita, zinazokwenda mbele asilimia 19. Sasa tulikuwa na kitu cha kuzungumza.

Hatua ya pili: soma karatasi yako

Karatasi imeandikwa Kiingereza, lakini namba ni namba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unatoa mipaka ya chini: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, jumla milioni 39 kwa mshindo mmoja, zinazojongea kwa namna yoyote asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30 ya mbegu zote, zenye umbo sahihi asilimia 4.

Hiyo asilimia 4 huwaua watu kwa hofu. Mtu anasoma "asilimia 5 tu ndizo nzima" anadhani amekwisha. Hajaisha, yuko ndani ya mstari. Vilevile kuwa chini ya mstari si hukumu ya ugumba. Wapo waliotia mimba na milioni 10. Na sampuli za mtu mmoja hupanda na kushuka sana kati ya wiki na wiki, kwa hiyo majibu mabaya yanarudiwa kabla hujalia.

Hatua ya tatu: chagua siku, kwa kalenda ya hapa kwetu

Mbegu moja huchukua kama siku 74 kutengenezwa, kisha hukaa karibu wiki mbili zaidi ikikomaa na kujifunza kuogelea kwenye mrija ulio nyuma ya korodani. Jumla ni miezi mitatu. Mbegu unazotoa leo zilianza kutengenezwa wakati ule. Ule msiba wa mwezi uliopita uliovuta pakiti mbili usiku kucha bado uko njiani unakuja. Kwa hiyo siku 90 si namba ya kupendeza tu, ni msimu mmoja wa mbegu.

Mkulima wa tumbaku asichague tarehe wakati mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku, yanawaka. Usiku wa kukausha mnakaa wanaume wanne mnachochea kuni, mnapima joto, hakuna usingizi, na mmoja akiwasha wote mnawasha. Wala asichague wiki ya masoko, chama cha msingi kinapolipa na kila meza imejaa vinywaji. Wakati mzuri ni wa kitalu, Agosti au Septemba. Pesa imetulia, kazi ni ya asubuhi na jioni, na miche inakaa kitaluni kama miezi miwili. Unapohamishia shambani mvua za mwanzo zikianza, theluthi mbili za siku zako zimekwisha bila wewe kuzihesabu.

Asiye mkulima achague siku yoyote isiyo ya harusi wala safari, ndani ya wiki mbili zijazo. Ukisema "mwakani", hujasema kitu.

Hatua ya nne: siku tatu za moto, wiki mbili za uvumilivu

Jioni ya kuamkia siku yenyewe toa kila kitu: pakiti, viberiti, vile vipisi ulivyoficha juu ya kabati kwa ajili ya shida. Fua shati na koti. Mwambie muuza duka unayenunua kwake fegi moja moja, mwambie kwa sauti mbele ya watu, "Ukiniuzia tena nitakudai." Mimi nilimwambia hivyo jirani yangu, akacheka. Siku ya pili nilipomfuata saa tatu usiku akaninyima, akanipa pipi. Nilimkasirikia kweli kweli.

Siku tatu za kwanza ndizo mbaya kuliko zote: kichwa, hasira, usingizi wa kukatika, njaa. Baada ya wiki mbili hadi nne mengi yanapungua. Kiu yenyewe ya sigara huja kama wimbi na kukaa dakika chache, mara nyingi haizidi tano. Kazi yako ni dakika hizo tu. Toka ulipo, kunywa maji, piga simu, tembea mpaka kona.

Mdomo nao unataka kazi. Hapa Unyamwezini tuna dawa ambayo wengine hawana: matobolwa. Kipande kimoja cha kiazi kilichochemshwa kikakaushwa kinataka kutafunwa dakika kumi. Nilikaa na matobolwa mfukoni miezi miwili, na mke wangu akawa ananiita mchungaji wa mbuzi.

Kahawa ina jambo wengi hawalijui. Moshi wa sigara unalifanya ini kuondoa kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, vikombe vile vile vya kijiweni vinakaa mwilini muda mrefu zaidi, ndipo moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi unapotea, na wewe unadhani ni kukosa sigara. Punguza kahawa nusu kuanzia siku ya kwanza. Kama kijiwe chenu kimejaa wavutaji, hama kijiwe kwa mwezi mmoja. Watakununia, watazoea.

Fungua na kibubu. Hata tukikadiria shilingi 200 kwa fegi, kumi kwa siku ni 2,000, na siku 90 ni 180,000. Itakusaidia nauli, chumba na kipimo cha pili.

Ukishindwa kwa mikono mitupu

Si aibu, nikotini ina nguvu. Kuna jojo na plasta za nikotini, na Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 2009. Ulizia maduka makubwa ya dawa, wakikosa waagize. Jojo haitafunwi kama bigijii: tafuna polepole mpaka uhisi mwasho, ipumzishe kati ya shavu na fizi, mwasho ukiisha tafuna tena. Anayewasha sigara ndani ya nusu saa baada ya kuamka huanza na ya miligramu 4, mwingine miligramu 2. Bado ni nikotini, kweli, lakini haina kaboni monoksidi wala lami ya moshi, na unaipunguza hadi kuiacha ndani ya wiki 8 hadi 12. Vipo na vidonge, kama bupropioni, lakini hivyo ni vya daktari. Mwenye kifafa havimfai.

Kubadilisha sigara kwa ugoro, shisha au bangi si kuacha. Wala kupunguza kutoka kumi hadi tatu usikuhesabu kama kuacha. Hizo tatu utazivuta kwa pumzi ndefu za kufidia, kisha zitaita wenzake.

Ukiteleza ukavuta moja, usianze kuhesabu siku upya kutoka sifuri. Andika ilikuwa wapi, na nani, saa ngapi, kisha endelea na siku inayofuata. Aliyeteleza mara moja hajarudi. Anayerudi ni yule anayesema "basi imeshaharibika" akanunua pakiti.

Neno kwa wanaochuma majani

Jani bichi la tumbaku likiwa na umande au mvua linatoa nikotini, na nikotini inapita kwenye ngozi. Kile kizunguzungu na kutapika mnakoita "tumbaku imenipiga" ndicho hicho. Mtu anaweza kuacha sigara Jumatatu, Jumanne akachuma kifua wazi, mwili wake ukaendelea kula nikotini, na kiu isiishe. Subiri majani yakauke umande, vaa glavu na mikono mirefu, oga na ubadili nguo ukitoka shambani. Na dawa za kupulizia, zipulizie kwa kinga. Baadhi ya viuatilifu vinajulikana duniani kwa kuharibu mbegu.

Mengine, kwa kifupi

Korodani zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, ndiyo maana zimening'inia nje. Dereva wa bodaboda ashuke mara kwa mara, jinzi za kubana ziwekwe pembeni, na mchochea bani asikae kifua kwa kifua na tundu la moto. Homa kali ya malaria huangusha mbegu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kama uliugua mwezi huu ahirisha kipimo. Pombe punguza. Sindano za testosteroni za wanaojenga misuli zinazima kiwanda kabisa.

Chakula kula cha kawaida: mboga za majani, matunda, samaki, maharage, karanga. Urambo ilifyekwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa mpango wa karanga, ukashindwa, tumbaku ikachukua nafasi. Nafikiri mezani tungeweza kuzirudishia karanga heshima yake. Ila mihogo mibichi, nazi na karanga za jioni pale mtaani ni vitafunwa tu, havizalishi mbegu.

Na mkutane kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima. Hakuna haja ya kukimbizana na tarehe.

Siku ya 90

Rudi maabara ile ile, kwa siku zile zile za kukaa bila kumwaga, na uende na karatasi ya kwanza. Kwangu mimi zinazokwenda mbele zilitoka asilimia 24 hadi 37. Idadi haikupanda kiasi cha kusimulia. Nasema hivyo ili usije ukalaani maabara: kwa wengine unaanza mwendo, idadi inafuata polepole au haifuati, na DNA inanufaika bila karatasi kuonyesha.

Kama mkeo ana miaka 35 au zaidi, msisubiri hizi siku 90 mkiwa mmekaa. Yeye aanze vipimo vyake sasa, mwende sambamba. Kwa umri huo miezi sita ya kujaribu inatosha kuonana na daktari, msingoje kumi na miwili.

Na kama karatasi inasema sifuri, yaani azospemia, sigara peke yake kwa kawaida haifanyi hivyo. Rudia kipimo mara ya pili, kisha muone daktari akupapase, apime homoni, atazame kama mirija imeziba kwa kisonono cha zamani au kama kuna mishipa iliyovimba juu ya korodani, varikoseli, ambayo hufanyiwa upasuaji. Mweleze yote: matubwitubwi uliyougua ukubwani, ngiri uliyopasuliwa, dawa unazokunywa. Ingieni wawili chumbani kwa daktari, mkiwa na karatasi zote, zako na zake, kwenye bahasha moja.